Mbatata, mkate wa mtindi na mwani: kisa cha sherehe ya skuli Ayalandi ndani ya Ramadhani

Nianze na tarehe, maana bila tarehe hamtaelewa kwanini menyu ilitoka vile ilivyotoka.

Ilikua Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025. Skuli ya msingi anayosoma mwanangu, mji mdogo tu magharibi mwa Ayalandi, huku mpakani mwa Mayo na Roscommon, kila mwaka inafunga Seachtain na Gaeilge kwa kasherehe kadogo. Hiyo ndo wiki ya lugha yao ya Kigaeli, inaitwa wiki ila inaanza tarehe 1 Machi mpaka 17, yani wiki mbili na kitu, msiniulize. Watoto wanaimba, wanacheza dansi zao za kurusha miguu, wanajitahidi kuomba ruhusa ya choo kwa Kigaeli, na kwavile tarehe 17 yenyewe ya Mtakatifu Patrick ni sikukuu ya taifa na skuli zinafungwa, sherehe inawekwa siku ya mwisho ya masomo kabla yake. Mwaka ule 17 iliangukia Jumatatu kwaiyo ikawa Ijumaa. Kamati ya wazazi ikaamua safari hii madarasa matatu ya juu, watoto 74, waonjeshwe chakula cha asili cha Kiayalandi. Mpishi nani? Mie. Mzanzibari wa Jambiani.

Sikuchaguliwa kwa kura. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, cheti cha usalama wa chakula ninacho, na kwenye kikao nilikosea nikanyanyua mkono kuuliza swali wakadhani najitolea.

Sasa angalieni hesabu ya siku hiyo. Ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Wakatoliki kwa desturi hawali nyama, maana Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ilikua tarehe 5. Na ni Ramadhani 14, maana huku tulianza kufunga tarehe 1 Machi. Katika wale watoto 74 kuna Waislamu 11, mmoja ana siliaki, yani gluteni haipandi kabisa, mwengine maziwa yanamletea aleji, alafu mpishi mwenyewe kafunga. Na skuli haina jiko. Skuli nyingi za msingi huku zilijengwa bila jiko, watoto wetu walikua wanabeba chakula kwenye vibokisi, kwaiyo tulichonacho ni chumba cha walimu chenye birika la umeme, friji na maikrowevu moja.

Kwenye grupu la wasap mapendekezo yakaanza kumiminika, na hapo ndo nikagundua kitu ambacho sikukitegemea: wazazi wa rika langu, Waayalandi wa kuzaliwa, hawana uhakika chakula chao cha asili ni kipi. Mmoja katuma picha ya nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi aliyoiokota mtandaoni. Mwengine vikeki vya krimu ya kijani. Mwengine stuu ya bia ya Guinness, kwa watoto wa skuli, jamani. Kamati nusu ishakubaliana na ile nyama ya chumvi mpaka siku tuliyokutana getini na bibi wa mtoto mmoja, kizee wa miaka sabini na ushee, wasap hana, amekuja kumchukua mjukuu wake. Tukamuuliza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hiyo ya Wamarekani hiyo mwanangu, ndo jibu lake.

Na kweli ni ya Wamarekani, au tuseme ni ya Waayalandi waliokwenda Marekani. Ng'ombe huku tangu enzi na enzi alikua mnyama wa maziwa, nyama yake ya wakubwa au ya kusafirishwa. Karne ya 17 na 18 bandari ya Cork ilikua ikipakia mapipa kwa mapipa ya nyama ya chumvi kwenda kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na visiwa vya Karibi, ila mkulima aliyemlea yule ng'ombe hata harufu haipati. Yeye mkulima alifuga nguruwe, na huyo nguruwe mara nyingi anauzwa ili ardhi ilipiwe, ndo maana walimtania kwa jina la bwana mlipa kodi. Sasa walipohamia New York wakakuta bekoni ya nyumbani haishikiki bei, na kidari cha ng'ombe cha chumvi kinapatikana kwa mabucha wa Kiyahudi kwa bei wanayoimudu, basi wakabadilisha nyama wakabaki na kabichi. Ni chakula cha ugenini. Mie nakielewa sana chakula cha namna hiyo, pilau ninalopika hapa nalo si lile la Jambiani, lakini kamati imesema asili, na asili ya huku ni bekoni na kabichi.

Bekoni ikafa palepale, si kwa sababu yangu peke yangu. Watoto 11 hawali, sawa, lakini bibi naye akasema Ijumaa ya Kwaresima yeye hawezi kusimama mbele ya sufuria la nguruwe, ingawa vijana wa siku hizi wengi hawajali tena. Coddle ya Dublin ikafuata njia hiyohiyo, maana ile ni soseji na bekoni zimechemshwa pamoja na mbatata na vitunguu. Nikapendekeza stuu ya kondoo, ile ya kweli, kondoo, kitunguu, mbatata, maji, basi. Nyama halali si tabu kwetu, Ballyhaunis iko karibu, na pale kuna kiwanda cha nyama halali tangu miaka ya 70 na msikiti uliojengwa 1987, watu hawaamini mji mdogo wa Mayo una hayo. Ila bado ni Ijumaa ya Kwaresima, bado ni nyama inayotaka kuwekwa na moto muda wote, na bado hatuna jiko. Bajeti yenyewe yuro 120.

Nilikua nimekaa na hilo daftari usiku baada ya tarawehe, nafuta nafuta, ndo nikaona kwamba tumekua tukizunguka kitu kisichokua kwenye kiini. Tunatafuta nyama ipi, wakati chakula cha mtu wa kawaida wa nchi hii kwa mamia ya miaka hakikua nyama. Kabla ya mbatata walikula uji wa oti na maziwa ya kila namna: mabichi, mtindi, siagi, jibini. Wana hadi jina lake kwa Kigaeli, bánbhia, chakula cheupe. Mbatata ikaja mwishoni mwa karne ya 16 ikaingia taratibu ikawa mfalme, na mtindi ukabaki pembeni yake. Ukishika hapo, ukasema nafuata chakula cheupe na mbatata, basi Kwaresima imekwisha, halali imekwisha, bajeti imekwisha, na bado hujamdanganya mtu kuhusu asili. Kinachobaki ni yule wa siliaki na yule wa maziwa, na hao wawili unaweza kuwapangia vizuri kwa mkono.

Menyu niliyopeleka: mkate wa kahawia wa soda na siagi, colcannon, yani mbatata za kuponda na sukuma wiki, keki ya matunda wanayoiita brack, na pudini ya carrageen, yani ya mwani.

Kamati walikubali vitatu vya kwanza bila neno. Bibi ndo aliyeleta ubishi, akasema colcannon na brack ni vya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, ndani yake hufichwa pete na anayeipata ndo wa kwanza kuolewa, mwezi wa tatu vinatafuta nini? Hoja yake ina uzito, ila brack ya chai inauzwa madukani mwaka mzima na sukuma ilikua bado imesimama bustanini kwake mwenyewe, nikamwambia bibi wewe ndo utakayetuletea majani. Akakubali kwa masharti kwamba mwezi wa kumi tutarudia kama inavyotakiwa. Pete haikutiwa. Mwalimu mkuu alisikia tu habari ya pete ndani ya chakula cha mtoto akabadilika rangi.

Nieleze mkate maana ndo uliobeba siku. Unga wa ngano nzima na mweupe, gramu 450 kwa jumla, kijiko kidogo cha beking soda, kijiko kidogo cha chumvi, mtindi mwepesi kama mililita 400. Hakuna hamira. Ngano ya huku kwa ajili ya mvua na baridi ni laini, haina nguvu ya kushikilia hamira vizuri, kwaiyo soda ilipoanza kupatikana karne ya 19 iliwafaa sana, asidi ya mtindi inakutana na soda povu linapanda palepale. Ndo maana hutakiwi kuukanda. Mie mkono wangu ni wa maandazi na chapati, mkono unataka kukanda, mikate miwili ya mazoezi ilitoka kama tofali. Changanya kwa vidole vilivyotanuliwa, ukishashikana acha, peleka oveni nyuzi 230 robo saa, alafu shusha 200 nusu saa nyengine, ukiugonga chini utoe sauti ya ngoma. Juu unaukata msalaba. Watoto waliambiwa ni kuwatoa vibwengo, na kibwengo wa huku ni mkorofi kama wa kwetu tu, ukweli wa jikoni ni kwamba moto upate kuingia katikati. Nilioka 9, usiku wa Alhamisi.

Asubuhi nimekula daku, nimesali alfajiri, nikawasha jiko nyumbani kwa ajili ya mbatata, kilo 10 za Rooster, zile nyekundu zilizozalishwa kituo cha utafiti cha Oak Park kule Carlow. Hiyo aina nilichagua makusudi kwasababu ni ya unga, ikiiva inapasuka ngozi. Hizi mbatata wengine kwetu wanaziita viazi ulaya, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kinaziita viazi vya Kiayalandi, hadithi niliyomsimulia bibi akastaajabu, maana asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na ziliwaua wao kuliko mtu yoyote. Ukungu uliingia shambani 1845, wakati huo maskini anakula mbatata tu, asubuhi mchana usiku, na aina wanayolima karibu ni moja. Watu kama milioni wakafa, milioni na zaidi wakakimbia, na kisiwa kizima kilikua na watu milioni 8 na kitu kwa hesabu ya 1841, mpaka leo hakijafika tena hapo. Serikali ya London ikaleta mahindi kutoka Marekani 1846, magumu, hayajasagwa vizuri, na hakuna anayejua kuyapika, matumbo yakawauma watu mpaka wakayaita kiberiti cha Peel kwa jina la waziri mkuu. Niliposoma hilo nilinyamaza, maana sembe kwetu ndo uhai. Mwalimu wa darasa la sita aliwaeleza watoto haya kwa dakika tano kabla ya kula, na nadhani alifanya vyema kuweka kabla, si baada.

Sasa kosa. Sufuria la kwanza nimeponda kwa mkono, maziwa ya moto, siagi, sukuma iliyochemshwa ikakatwakatwa, vitunguu majani, likatoka linapumua. Sufuria la pili mikono imechoka, nina daku tu tumboni, saa inakimbia, nikachukua mashine ya kupigia keki. Dakika moja. Yani dakika moja mbatata imegeuka gundi, ukinyanyua kijiko inavutika kama ubani wa kutafuna. Ile wanga ukiipiga kwa kasi inapasuka na kutoka nje, hairudi tena, na mie hilo nalijua, kazini nawakataza wenzangu kila siku.

Kilo nne zimeharibika na sukuma bado sijazitia, ndo ikawa salama yangu. Nikakumbuka wana kitu chengine, keki za mbatata, kaskazini huko Ulster wanaita farl, maana yake robo, unachukua mbatata iliyopondwa unatia unga na siagi kidogo unasukuma duara unaikata nne unapika kwenye chuma kikavu. Sasa hiyo si chapati hiyo? Gundi ile ikishakula unga inashikana vizuri tu. Nikatoa tawa langu la chapati nililobeba kutoka soko la Darajani, nikasukuma, nikachoma, saa nne kasoro nimemaliza vipande 90 na ushee. Ila tazama, tayari nimebadilisha mpango: kitu kilichokua salama kwa mtoto wa siliaki sasa kina ngano, kwaiyo nikaandika karatasi ya aleji upya, keki zikahamia meza ya mikate upande wa mlangoni, colcannon ikawekwa dirishani na upawa wake na mtu wake, na mtoto wa maziwa alikua na kopo lake lenye mbatata, sukuma na mafuta tu, jina juu, halifunguliwi na mtu mwengine. Sheria ya Ulaya inataka vitajwe vile vyakula 14 vya aleji, sisi tulikua na ngano na maziwa na mayai kwenye brack, si vingi, lakini karatasi ya zamani ingekwenda vile ilivyo ndo mtu anapelekwa hospitali.

Kubeba colcannon nilitumia hotipoti mbili kubwa, zile za harusi. Mama mmoja wa kamati aliniuliza hii mashine umenunua wapi. Nimefika skuli nikapima, nyuzi 66, chakula cha moto kinatakiwa kisishuke 63. Hotuba ya mwalimu mkuu ikarefuka, ngoma ikarudiwa, nikapima tena 61, nikamwendea nikamwambia mwalimu, chakula sasa hivi au namwaga. Tukapakua na muziki unaendelea.

Pudini ya carrageen ndo niliyoipigania na ndo iliyoanguka. Hiyo ni mwani. Mwani mwekundu wa kwenye miamba ya pwani ya magharibi, unavunwa maji yakitoka, unaanikwa juani mpaka unapauka, alafu gramu kama 8 unaroweka dakika kumi, unachemsha dakika ishirini kwenye maziwa chini ya lita kidogo, unachuja, unatia sukari, unaacha ugande wenyewe. Haina jelatini, kwaiyo haina wasiwasi wa nguruwe. Mayai ya kupiga juu niliyaacha kwasababu yanaingia mabichi. Sasa mie mama yangu ni mkulima wa mwani, nimekua nikifunga mbegu kwenye kamba na vijiti pale Jambiani tangu skuli, kilimo kilichoingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 80, wanawake wanapinda mgongo kwenye maji ya magoti, gunia linauzwa bei ya kusikitisha, na hatukuwahi kuula. Tuliambiwa unakwenda kutengenezwa karajini ya viwandani, ile ya kugandisha na kuzitisha vyakula. Kumbe neno lenyewe limetoka huku, carraigín, kijiwe kidogo. Siku nilipojua nilimpigia mama simu, akaniuliza na wao wanalipwa shilingi ngapi.

Basi niliingia mbele ya watoto na picha za mama na kamba zake, nikawaonesha boksi la maziwa ya chokoleti lililoandikwa E407, ndo namba ya karajini, nikawaambia hiyo ndo hii. Hadithi waliipenda. Pudini hapana. Ina harufu ya bahari kidogo, vanila haikuifunika, zaidi ya nusu ya vikombe vilirudi na alama ya kijiko kimoja. Bibi alikula vitatu, akasema mamake alikua akimpa akiwa na kifua, nadhani hapo ndo lilipo kosa langu, nimewapa watoto dawa ya kikohozi kwenye sherehe.

Mkate uliisha wote, na keki za mbatata za ajali ziliisha kabla ya mkate. Brack ilizua kesi: baadhi wamejinyima vitu vitamu Kwaresima nzima, wakabishana kama keki ya zabibu iliyorowekwa kwenye chai inahesabika kuwa tamu, na kuna aliyekwenda kumuuliza mwalimu mkuu kwa uso wa kadhi. Colcannon ililiwa na watu wazima zaidi. Mama mmoja Mkenya wa Nyeri akaonja akanijia na kikombe mkononi, "Dada, hii si mukimo tu ambayo haijatiwa mahindi?" Nikamwambia ndo hiyo. "Na chumvi mmesahau."

Chumvi. Wanazuoni wengi wanamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, lakini roho yangu haikutaka, nikajiambia siagi ya huku ina chumvi yatosha. Haikutosha. Bibi alizunguka na kikopo cha chumvi meza kwa meza kama anagawa ubani.

Waislamu 11, wadogo walikula na wenzao, wanne wa darasa la sita walikua wamefunga. Hao niliwafungia vibokisi, mkate, siagi, kipande kikubwa cha brack, wapeleke nyumbani, magharibi siku ile ni kama saa kumi na mbili u nusu jioni. Kilichonifurahisha ni wale wenzao wasiofunga walivyokuja kuomba vibokisi nao, wanataka kula na wao magharibi. Nilikua sina vya kutosha nikatia mkate kwenye karatasi. Mmoja mamake aliniambia Jumanne mtoto kakaa dirishani anangojea jua lizame ndo aguse mkate, na wao si Waislamu wala nini.

Fedha ilibaki, tulitumia yuro 80 na kitu.

Mwaka 2026 tarehe 17 Machi inaingia tena ndani ya Ramadhani, kamati washaniandikia. Colcannon nimeiondoa, haiwezekani bila jiko, na mwezi wa kumi ina nafasi yake na pete yake kama mwalimu mkuu atalainika. Keki za mbatata zinaingia rasmi, za kusukumwa, na za yule wa siliaki zitakua na unga wake na tawa jengine kabisa. Carrageen nataka kuijaribu na kakao. Na kuonja chumvi tumempa bibi, kaleta sharti moja tu, nikienda Jambiani nimletee kilo ya mwani wa mama.